Tangazo Lisilo na Barua

Tangazo la kifo cha Kwangu Shija wa Mwamapalala nililipokea mimi. Nililipokea kwa mikono yangu, nikalinakili kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya masista, nikalibana mahali ambapo sikuruhusiwa kubana kitu, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimesema sihusiki. Nimesema hivyo kwa mkuu wa kituo, kwa fundi mitambo, kwa mume wangu siku za uchumba tulipokuwa tukielezana mambo yetu ya nyuma, na mara moja kwa padri, ambaye wala hakuwa ameniuliza. Mtu akikana jambo kwa muda mrefu namna hiyo hupata ustadi. Siku hizi naweza kusimulia kisa chote bila kujitaja, na wasikilizaji wakamaliza kwa kunipa pole. Kazi yangu ni kuandika makala magazetini. Naishi kwa kuwasema watu wengine kwamba si wakweli.

Ningeendelea hivyo mpaka nife kama Mama Skola asingetangulia. Alizikwa Migato mwezi uliopita, siku ya jua kali, na kamati ya mazishi (kulikuwa na kamati, na wajumbe wake walining'iniza vitambulisho shingoni) iliniomba nisome wasifu wa marehemu, kwa sababu wewe ndiye mtoto wake wa redio, walisema, na sauti unayo. Karatasi ilikuwa imeshachapwa. Ilisema kwamba Skolastika Nkamba alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma taarifa ya habari katika redio ya umma upande wetu huu, jambo ambalo ni kweli. Kwamba wakuu wake wa kazi walimpenda, jambo ambalo ni uongo. Na kwamba baada ya mwaka mmoja aliamua kwa hiari yake kuacha kipaza sauti ili alee familia. Familia ipi? Hakujaliwa mtoto, na mume wake alikuwa ameshahamia Geita kwa mwanamke mwingine kabla mimi sijamfahamu. Nilisimama chini ya turubai nikaisoma sentensi ile yote bila kujikwaa. Mjumbe mmoja alianza kupiga makofi, kisha akakumbuka kwamba tuko msibani. Baadaye nililetewa sahani ya wali yenye nyama nyingi kuliko za wenzangu, sahani ya msomaji, na nikaila. Kinachonichefua si kwamba nilisoma uongo mbele ya jeneza lake. Nimeshasoma uongo mahali pengi. Kinachonichefua ni kwamba nyama ilikuwa laini na niliomba nyongeza.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, Simiyu haikuwa mkoa. Bariadi ilikuwa wilaya tu ya Shinyanga, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo kikuu kwa majivuno ya mtu ambaye bado hajaulizwa swali gumu. Nilichukuliwa kama kibarua katika kituo kidogo cha redio ya umma, vyumba vitatu nyuma ya ghala la zamani la pamba. Chumba cha mbele kilikuwa changu: meza, benchi la wageni, mtungi wa maji, daftari la matangazo. Cha pili kilikuwa cha mkuu wa kituo, Bwana Malisa, kilichotenganishwa na changu kwa ubao mwembamba kiasi kwamba nilijua hata siku alizokuwa na kiungulia. Cha tatu kilikuwa studio. Kuta zake zilibandikwa trei za mayai, dari yake ilishindiliwa magodoro yaliyochanika, na ndani ya magodoro waliishi popo. Anayedhani redio ni kazi safi hajawahi kukaa chini ya godoro lenye popo saa saba mchana, mlango umefungwa, feni imezimwa ili isisikike hewani. Harufu iliingia kwenye nywele na kubaki huko mpaka Jumapili. Kipaza sauti kilivalishwa soksi kuzuia upepo wa pumzi, soksi ya kweli ya mguu wa mwanaume, na hakuna aliyekumbuka ilikuwa ya nani. Wasomaji wa kiume walikuwa wameirushia mate kwa miaka yote hiyo. Mama Skola alipopewa kiti, jambo la kwanza alilofanya ni kuivua soksi ile na kwenda nayo nyumbani kuifua. Ngassa, fundi mitambo, alipita akitangaza kwamba mama ameanza kazi kwa kufua, kama kawaida yao.

Mama Skola alikuwa na miaka arobaini na kidogo, mwalimu wa zamani wa shule ya msingi, mfupi, mwenye kifua kipana kama cha mwimbaji wa kwaya. Kabla ya mwaka huo alikuwa amesoma salamu za wasikilizaji na kipindi cha mapishi kwa miaka tisa. Kila alipoomba kusoma habari aliambiwa sauti yake ni tamu mno. Hatimaye makao makuu yalikubali kumpa taarifa ya saa saba mchana kwa mwaka mmoja wa majaribio, na mwisho wa mwaka yangeamua ama kumthibitisha kuwa msomaji wa habari ama kumrudisha kwenye mapishi. Sote pale kituoni tuliijua hesabu hiyo ya miezi. Bwana Malisa, ambaye alikuwa na mtu wake aliyetaka kumweka kwenye kiti kile, nadhani aliijua vizuri zaidi.

Nilikuwa nayasikia mazungumzo yake ya simu kupitia ubao. Sauti yake nzuri, alikuwa akisema, hakuna anayebisha, mama wa watu anajitahidi, ila hizi habari za pamba, mzee, mkulima anataka asikie mwanaume. Upande wa huku Mama Skola alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni, viatu amevivua, anakula michembe yake. Kila siku alikuja na bakuli la viazi vilivyokaushwa na kuchemshwa tena, akavichanganya na karanga, akanisogezea nusu bila kuniuliza kama nataka. Siku moja aliyasikia maneno hayo yote ya pamba kutoka mwanzo mpaka mwisho, akatafuna taratibu, akameza.

"Wanaolima pamba wengi ni wanawake," aliniambia. "Labda ana maana ya wanaouza."

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na namna hiyo ndiyo iliyomletea wasikilizaji, ingawa kwenye wasifu hawakuiandika. Kabla yake, matangazo ya vifo yalisomwa baada ya muziki na yeyote aliyekuwa karibu, haraka haraka, majina ya watu yakivunjwavunjwa. Yeye aliyaingiza ndani ya taarifa ya habari. Mtu akifa ni habari, alisema. Kwa watu wa Mwamapalala ni habari kubwa kuliko waziri kufungua semina. Aliyasoma kwa sauti ile ile aliyomsomea waziri, na kila jina alilitamka mbele ya mwenye tangazo kwanza, amsahihishe. Watu walianza kusimamisha baiskeli barabarani saa saba. Tukapokea barua kutoka Kiloleli mpaka Meatu za watu wakishukuru kwamba marehemu wao ametajwa kama mtu.

Kwa hiyo alikuwa mkali. Hakuna kifo kilichosomwa bila barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri. Ukutani juu ya meza yangu alipigilia misumari miwili na kuning'iniza vibanio viwili vya chuma. Cha kushoto kilikuwa cha matangazo yaliyopokelewa. Cha kulia kilikuwa cha yale aliyokwisha kuyahakiki yeye, na ni yeye peke yake aliyehamisha karatasi kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi nilinakili kila tangazo kwa mwandiko unaosomeka, nikaliunganisha na barua yake kwa pini, nikalibana kushoto. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote. Ngassa alisema hata mbuzi angeiweza, ila mbuzi angekula karatasi. Nilicheka, kisha nikalia kidogo chooni, kwa sababu nilikuwa nimejiona mwandishi wa habari.

Siku yenyewe ilikuwa ya msimu wa kununua pamba. Bwana Malisa na Mama Skola waliitwa mkutanoni ofisi ya wilaya, Ngassa akawa studio anacheza muziki, na kwa mara ya kwanza chumba cha mbele kikawa changu kweli. Nilihamia kiti cha Mama Skola. Nilikipangusa kwanza, kisha nikakaa, kisha nikaweka kalamu nyuma ya sikio. Saa nne na nusu akaingia mzee mwenye kofia mkononi, ndevu hazijanyolewa, vumbi mpaka magotini. Alisimama mlangoni akanitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kutazamwa nayo tangu nizaliwe.

"Mwangaluka, Mama Redio," alisema.

Niligeuka nyuma kutazama anasalimiwa nani. Mama Redio lilikuwa jina la Mama Skola, watu walimwita hivyo sokoni. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta. Basi nikaitikia mwangaluka, nikamkaribisha benchi, nikampa maji, nikauliza shida kwa sauti ambayo, nikiikumbuka leo, natamani kujizaba kofi. Jina lake Jilala, wa Mwamapalala. Mke wake Kwangu Shija amefariki alfajiri. Binti yao Nyanzala hayupo nyumbani, hawajui aliko, na hawawezi kuzika bila mtoto wa kwanza. Alikuwa na ukurasa wa daftari la shule ulioandikwa kwa penseli. Niliuliza barua ya mtendaji. Akasema mtendaji amesafiri, ofisi imefungwa, na mwili hausubiri. Nikasema basi inabidi amsubiri mkubwa wangu, atarudi karibu na saa saba. Mzee akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira, bali kwa masikitiko ya mtu aliyefika duka lisilo lake.

"Kumbe kuna mkubwa," alisema, akiichukua kofia yake. "Samahani, mayu. Nilidhani ni wewe."

"Ni mimi," nilisema.

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, vingine vya maadili, na nimekaa katika warsha ambamo watu wenye shahada tatu hueleza kwa nini waandishi wa habari huuza kazi yao. Hutaja njaa, hutaja vitisho. Sijawahi kumsikia hata mmoja akieleza mtu aliyeuza kazi ya mwenzake ili aitwe Mama Redio na mzee mwenye vumbi magotini, kwa nusu saa, Ngassa akiwa shahidi pekee, na Ngassa mwenyewe alikuwa studio na vipokea sauti masikioni. Nilinakili tangazo. Niliongeza neno "mpendwa", na penye "aje nyumbani" nikaweka "afike bila kukosa, mama yake asizikwe pasipo yeye", kwa sababu nilikuwa na kipaji. Halafu nikatazama vibanio. Nikiiweka karatasi kushoto bila barua, Mama Skola angeiona na isingesomwa, na mzee angejua kwamba si mimi. Nikaibana kulia, katikati ya nyingine. Mzee alinishukuru kwa mikono miwili.

Mama Skola alirudi zimebaki dakika tano, anahema. Alivua viatu, akanywa maji ya uvuguvugu, akachukua karatasi zote za kibanio cha kulia kama alivyofanya kila siku, akaingia. Nilimsikiliza kupitia redio ndogo ya mezani. Alipofika kwa Kwangu Shija alisita kidogo sana, labda kwa sababu hakulikumbuka jina, lakini alikuwa hewani, na karatasi ilitoka kwenye kibanio chake. Akaendelea. "Nyanzala binti Jilala, popote alipo, afike bila kukosa." Alisoma vizuri mpaka nikasisimka mwili. Nilikuwa nasikia maneno yangu yakienda nchi nzima, au angalau mpaka Magu.

Marehemu alifika saa kumi kasoro robo. Alikuja kwenye baiskeli ya kaka yake, amekaa upande, kanga imefungwa kiunoni, uso mweupe kwa vumbi la njia yote ya kutoka Migato. Alishuka, akasalimia mwadila, akauliza yuko wapi aliyesema amekufa. Ngassa alikuwa amekaa na sisi akila karanga. Akamjibu kwamba hapa marehemu huwa hawaji wenyewe, mama, hutuma ndugu. Alicheka peke yake kwa muda mrefu kidogo, mpaka mwanamke yule akavuta pumzi.

"Mimi ndiye Kwangu Shija," alisema. "Na mbele ya kaka yangu nimeulizwa na majirani kama nimefufuka au ni mzimu. Hayo si kitu. Mwambieni mtoto wangu asiende."

Alieleza akiwa amesimama, alikataa kukaa. Mume wake alikuwa amekubaliana na mtu mwenye ng'ombe wengi kumwoza Nyanzala, msichana hakumtaka, na yeye mama ndiye aliyemfungia nguo na kumtorosha. Alikuwa Kiloleli, anaosha vyombo kwa mama mmoja anayeuza chakula barabarani. Hakuna aliyejua zaidi ya mama mtu. Wiki iliyopita mume alimtuma Migato kumsaidia kaka yake kuvuna, naye akashangaa upole wa mumewe, sasa ameuelewa. Alikuwa amekaa na wifi yake wanakula aliposikia redio ikimzika.

"Baba yake asingempata hata kwa mwaka," alimwambia Mama Skola. "Mmemtafutia ninyi."

Mama Skola hakujitetea. Alinyanyua macho akatazama kibanio cha kulia, kisha akanitazama mimi, mara moja, kisha akaingia kwa Bwana Malisa. Nilisikia kila neno. Yeye alitaka kukanusha sasa hivi. Malisa alisema kukanusha habari kunahitaji idhini ya makao makuu, na simu haipiti, na saa hizi ni muziki, mama, kesho saa saba utakanusha kwa utaratibu. Yeye akasema kesho msichana atakuwa ameshaolewa. Malisa akasema redio haioi wala haiozi. Mama Skola alitoka pekupeku, akamshika Kwangu Shija mkono, akaingia naye studio, akamwambia Ngassa azime muziki. Ngassa, na hili nalisema kwa heshima kwa kuwa sina mengi ya kumheshimia, akazima.

Mama Skola alisema hewani kwamba tangazo alilosoma mchana halikuwa kweli, kwamba Kwangu Shija yu hai na amekaa mbele yake, na kwamba Nyanzala asiende nyumbani. Kisha akamsogezea mama mtu kipaza sauti, na mama mtu akazungumza na mwanawe kwa Kisukuma. Redio ya umma ilikuwa ya Kiswahili tu, hata salamu tulikatazwa, na Malisa alikuwa anagonga kioo cha studio kwa pete. Mwanamke hakumjali. Alimwambia binti yake akae alipo, kwamba asubuhi hiyo yeye mwenyewe amekula matobolwa, viazi vikavu, kwa wifi yake, na kwamba kama hamwamini mtu anayesoma, basi aisikilize sauti hii, anaijua. Haikuzidi dakika moja. Sijasikia tena kitu kama hicho katika redio yoyote, na nimelipwa kusikiliza redio.

Nyanzala hakuisikia. Wakati huo alikuwa njiani, juu ya lori la pamba, amekaa kwenye robota, analia msiba wa mama yake mahali pasipo na redio. Alifika Mwamapalala jioni. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia zizini. Kilichofuata nilikisikia kwa Ngassa vipande vipande, kwamba aliolewa wiki ile ile, kwamba mama yake hakurudi tena kwa mzee Jilala, kwamba msichana alizaa akiwa mdogo mno na akaumia. Zaidi ya hapo sijui. Kutoka Bariadi mpaka Mwamapalala si mbali, nimepita pale mara nyingi kwenda kwenye shughuli, dereva anajua nataka madirisha yafungwe kwa ajili ya vumbi. Sijawahi kushuka kuuliza. Nimeandika makala nne kuhusu ndoa za utotoni, moja ikapewa tuzo, na katika kupokea tuzo niliwashukuru walimu wangu.

Siku tatu zilizofuata kituoni watu walikuwa na furaha mbaya. Wazee waliokuja na matangazo waliuliza kwanza kama leo anasoma mwanaume. Mtu mmoja wa ofisi ya jirani alitoka kwake makusudi kuja kutuuliza kama tunaweza kumtangaza mkwe wake amekufa, hata kama ni kwa siku moja. Bwana Malisa alicheka mpaka akafuta macho. Mama Skola aliniuliza mara moja tu, tukiwa wawili, karatasi ikiwa mkononi mwake. Mwandiko ulikuwa wangu, lakini wangu ulikuwa mwandiko wa matangazo yote. Nikamwambia nilinakili tu, sikumbuki nani aliihamisha, siku ile kulikuwa na watu wengi. Alisema sawa. Ilipofika saa sita akafungua bakuli lake, akanisogezea nusu ya michembe. Nilikula. Naona nimeshaandika mara mbili kwamba nilikula. Pengine huo ndio wasifu wangu.

Kisha Malisa aliniita ofisini kwake. Kulikuwa na soda iliyofunguliwa na sahani ya biskuti, na yeye alikuwa mpole kama daktari. Alisema makao makuu watapiga simu Ijumaa. Alinieleza mambo yalivyokaa, na alinieleza kwa haki, siwezi kumsingizia hapo. Kama mimi kibarua niliiweka karatasi kulia bila Mama Skola kujua, basi kosa lake yeye ni kuingilia muziki na kuruhusu Kisukuma, atapewa onyo, mwaka wake wa majaribio utaendelea. Kama aliiweka mwenyewe bila barua, basi amekiuka utaratibu wake mwenyewe, na anarudi kwenye mapishi. Kisha akaniuliza maombi yangu ya chuo kikuu yamefikia wapi, na kama bado nahitaji barua ya kunisifu. Nikasema nahitaji.

"Sikwambii useme nini," alisema. "Nakuuliza tu unakumbuka nini."

Kwa miaka mingi nilimfanya yeye ndiye mwovu wa kisa hiki. Ni mtu anayefaa, alikuwa na tumbo na pete. Lakini hakunitisha. Nilitoka mle ndani nikiwa tayari nimekumbuka, na biskuti mbili mfukoni.

Ijumaa simu ililia saa nne asubuhi, ofisini kwa Malisa. Sote watatu tulikuwa tumekaa tukiisubiri, Mama Skola kwenye kiti cha wageni, amevaa gauni la kanisani. Laini ilikuwa mbovu na mkurugenzi wa habari alilazimika kupayuka, kwa hiyo tulimsikia chumba kizima. Alimwuliza Mama Skola nani alisoma. Akajibu ni yeye, na kwamba hilo halina mjadala. Akamwuliza kuhusu muziki na Kisukuma. Akajibu ni yeye pia, na ingetokea tena angefanya vilevile. Mkurugenzi akauliza nani alihakiki, karatasi ilifikaje kwenye kibanio chake. Mama Skola alisema hakuiweka yeye. Alisema binti aliyepokea tangazo yuko hapa, aulizwe mwenyewe. Aliifuta simu mdomoni kwa ncha ya kanga yake, kwa sababu mimi nilikuwa nikichukia jasho la watu na yeye alilijua hilo, akanipa.

"Usiogope, ng'wanone," alininong'oneza, akiniita mwanangu kwa Kisukuma. "Watakukemea tu. Kukemewa kunapita."

Mkurugenzi aliniuliza jina, nikataja. Akaniuliza kama nilimwona mtu akiihamisha karatasi ile. Mama Skola alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwangu, magoti yetu yanakaribia kugusana, ananitazama kama anavyotazamwa mtoto anayeanza kusoma mbele ya darasa, midomo yake ikitangulia kidogo kunisaidia.

"Ni Mama Skola, mheshimiwa," nilisema. "Alikuwa ametoka mkutanoni, ana haraka. Nilimkumbusha barua, akasema tutaitafuta baadaye."

Kulikuwa na swali moja tu. Hiyo sentensi ya mwisho hakuna aliyeniomba. Nadhani niliiongeza ili habari iwe kamili.

Mkurugenzi akasema mpe. Nilimrudishia simu na hakuipokea papo hapo. Aliitazama kwanza, ikiwa mkononi mwangu. Malisa alikuwa anachunguza kalenda. Kisha akaichukua, na sauti ikasikika ikimwuliza kama amesikia maelezo ya binti, na kama ana lolote la kusema kabla hajaandika uamuzi.

"Nimemsikia," alisema Mama Skola. "Andika kama alivyosema."